Uhakiki wetu umeuruka mji mdogo

WANAFUNZI wa fasihi ya Kiswahili, kuanzia shule za upili hadi uzamili, hufundishwa ramani yenye vituo viwili. Kituo cha kwanza ni kijiji. Huko kuna mila, heshima, umaskini na mzee mwenye mkongojo. Kituo cha pili ni jiji. Huko kuna baa, uasherati, magari na kijana anayepotea. Mhusika akitoka cha kwanza kwenda cha pili tunasema ameharibika, na akirudi tunasema amezinduka. Nimesahihisha karatasi za namna hii kwa zaidi ya miaka 30, na sijui ni mara ngapi nimekutana na sentensi kwamba mandhari ya riwaya fulani ni “ya kijijini na mjini”. Mwanafunzi akishaiandika huweka nukta, akaingia kwenye maudhui kana kwamba suala la mahali limekwisha.

Sasa nauliza: Sultan Hamud ni kituo kipi? Emali je? Na Mtito Andei, na Maralal, na Molo?

Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, baada ya kurekebishwa mwaka 2019, inahesabu hivi: jiji ni wakazi 250,000 kwenda juu, manispaa ni 50,000, mji ni 10,000, na kituo cha soko ni 2,000. Yaani karani wa kaunti anaona ngazi nne pale ambapo mhakiki aliyesoma nadharia zote za Ulaya anaona mbili. Hapo karani ametushinda.

Cha ajabu ni kwamba lugha yenyewe haikutupangia hivyo. Tazama sarufi. Mti hutupa kijiti, mto hutupa kijito, na mji hutupa kijiji. Mashina haya ni ya silabi moja, ndiyo maana umbo la udogo huchukua ki- na ji- kwa pamoja. Kwa hiyo kijiji, kwa asili yake ya kisarufi, si kinyume cha mji. Ni mji wenyewe, ila mdogo. Upande wa pili mtu huwa jitu, mto huwa jito, na mji huwa jiji. Kijiji, mji na jiji ni ndugu wa shina moja na wanatofautiana kimo tu. Ila matumizi yana njia zake. Kijiji kimehamia mashambani, kikauacha mji mdogo bila jina la kwake. Watanzania wameziba pengo hilo kisheria, maana Mamlaka ya Mji Mdogo kwao ni ngazi rasmi ya utawala. Sisi Wakenya tumeliziba kwa mdomo: tunasema senta. Mtu akikuambia “naenda senta mara moja”, hamaanishi ushago wala hamaanishi Nairobi, na kila Mkenya anamwelewa. Mhakiki peke yake ndiye hajui ampeleke wapi.

Nianze na riwaya ambayo hutolewa mara kwa mara kuwa ushahidi wa ramani hii ya vituo viwili, yaani Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Rosa anatoka Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, anakwenda kusoma Mwanza, anaharibika. Hivyo ndivyo tunavyofundisha. Lakini hebu isome tena pole pole. Anayeanza kumvunja Rosa ni baba yake, Zakaria, na anamvunjia nyumbani, kwa kipigo cha kikatili juu ya barua ya mvulana. Mwanza inampokea binti ambaye tayari amekwisha kuumia. Mahali panapomdhuru kwanza ni pale ambapo kila mtu anamjua binti wa fulani, na baba anaogopa macho ya watu kuliko anavyompenda mtoto. Nadhani ramani yetu inashindwa hata kwenye mfano wake bora.

Macho ya watu. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolikuta nikifikiria maisha ya mji mdogo, na ndilo ninalolikosa katika uhakiki wetu.

Nimekulia pembeni mwa Sultan Hamud, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, na hata baada ya miaka mingi ya kufundisha chuoni hurudi huko kila nipatapo nafasi. Jijini mtu anaweza kufilisika faraghani. Anaweza kuhama mtaa usiku, akabadilisha nambari ya simu, na kesho akawa mtu mpya anayesalimiwa na bawabu. Mji mdogo hauna usiku wa namna hiyo. Barabara ni moja. Ukienda duka la dawa, mama wa nafaka amekuona, fundi cherehani amekuona, na kijana wa bodaboda aliyekubeba anajua ulitoka na karatasi au ulitoka na mfuko. Ukinunua viatu vipya Jumamosi, Jumapili kanisani kuna mtu anajua bei. Matatu haiondoki mpaka ijae, basi mnakaa ndani yake nusu saa, wewe na mwalimu aliyekuchapa darasa la nne na mwanamke ambaye nduguyo alikataa kumwoa, na wote mnatazama mbele kama watu wasiojuana. Orodha ya michango ya mazishi husomwa kwa sauti. Aliyetoa 200 anajulikana kuwa ametoa 200, na anayejulikana kuwa nazo akatoa 200 anajulikana zaidi.

Watu huitwa kwa kazi zao, na jina la kazi halistaafu. Mwalimu ni mwalimu hata akiwa na miaka 80 na haoni tena ubao. Vivyo hivyo kosa halistaafu. Msichana aliyepata mimba akiwa kidato cha tatu anaweza kusoma, akafanya biashara, akajenga nyumba ya mawe, na bado kuna benchi mbele ya kinyozi ambalo humtaja kwa kidato chake. Miaka ile Ukimwi ulipokuwa haunenwi, na hata dawa zilipoanza kupatikana, kuna watu waliopita mlangoni pa zahanati ya kwao wakapanda matatu hadi mji wa pili, wapange foleni mahali ambapo hakuna anayewajua. Nauli ile ilikuwa bei ya kutoonekana. Wengine hawakuwa na nauli.

Sisemi haya kuusingizia mji mdogo ubaya. Macho yale yale yanayohesabu mifuko yako ya dawa ndiyo yanayogundua kwamba mlango wako haujafunguliwa na ni saa nne asubuhi. Jirani yangu mmoja, mzee mjane, yu hai leo kwa sababu mchuuzi wa maziwa alishangaa kutojibiwa. Jijini chupa ya maziwa ingeachwa mlangoni.

Sasa turudi vitabuni tukiwa na macho hayo. Chukua Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea ambayo kizazi kizima cha watahiniwa kimeikariri. Tunafundisha kwamba Sagamoyo ni Kenya, au ni Afrika, na Majoka ni kiongozi dhalimu wa Kiafrika. Sawa, nakubali. Lakini kuna jambo katika tamthilia hiyo ambalo usomaji huo hauwezi kulieleza. Majoka, mtawala, ana historia ya mapenzi na Ashua, mwanamke anayetafuta riziki katika soko la Chapakazi. Alimtaka, Ashua akamchagua Sudi, mchonga vinyago. Soko linapofungwa na njaa inapoingia nyumbani, Ashua anakwenda ofisini kwa mtu yule yule aliyemkataa, na mke wa mtawala anamkuta pale. Rais wa taifa hafungi soko kisha akaletewa mchumba wa zamani mwenye watoto wenye njaa. Hiyo ni hadithi ya mji mdogo! Hapo mamlaka yana uso, yana kumbukumbu, na yana kinyongo cha ujana. Anayekunyima leseni ni mtu uliyemcheka mkiwa vijana. Kwangu mimi hapo ndipo penye uchungu wa tamthilia ile, na hapo ndipo sisi wahakiki tunaporuka tukikimbilia “taswira ya uongozi mbaya barani”.

Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 2012, imefanyiwa vivyo hivyo. Mtoto mchanga anaachwa mlangoni pa kibanda cha Amani, mchungaji wa ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Mtoto anaitwa Uhuru, anafikishwa zahanati, wauguzi hawajali, anakufa. Kila mwongozo wa mtihani unakuambia huo ni uhuru wa Afrika uliokufa mchanga. Ndiyo, jina linatulazimisha kuusoma hivyo. Ila mtu aliyekulia senta akisikia mtoto ameachwa mlangoni, hafikirii kwanza uhuru wa bara. Anahesabu miezi. Anamkumbuka nani hakuonekana sokoni tangu mvua za masika. Anaitazama pua ya mtoto. Sokomoko ingekuwa mji kweli kweli, siri ya Mtemi isingedumu wiki mbili, na watu wangejua, wakanyamaza, wakaendelea kumwamkia Mtemi kwa heshima zote. Kule kunyamaza kwa watu wanaojua ndiko ningetaka riwaya inionyeshe, maana ndivyo udhalimu unavyoishi katika mahali padogo.

Kuna atakayenijibu kwamba waandishi wetu walikuwa na sababu ya kukimbilia Sagamoyo, Sokomoko na Cheneo. Walikuwa nayo. Abdilatif Abdalla alifungwa kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Katama Mkangi alitiwa kizuizini mwaka 1986, na alipochapisha Walenisi mwaka 1995 alituandikia nchi isiyo kwenye ramani, ingawa jina lake, ukilikata vipande, linasema wale ni sisi. Mtu aliyeonja kizuizi ana haki ya kuficha anwani. Ila tangu mwaka 2010 tuna katiba ambayo kifungu chake cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, na bado majina ya kubuni yanazidi. Siku hizi, kwa maoni yangu, kinachoogopwa ni kukosa soko la shule. Mchapishaji anamnong'onezea mwandishi: ukiandika Molo, kuna watu watalalamika, ukiandika Tomoko, hakuna Mtomoko wa kulalamika.

Hata hivyo, jina la kubuni lenyewe silo kosa. Ilmorog ya Ngũgĩ wa Thiong'o katika Petals of Blood, riwaya ya 1977, haimo kwenye ramani yoyote ya serikali. Lakini humo tunaona barabara kuu ikifika, kileo cha theng'eta kikigeuka bidhaa ya kiwanda, na watu waliokuwa na duka na baa wakipokonywa hata leseni ya kile walichokianzisha. Mahali panabadilika mbele ya macho yetu, duka baada ya duka. Hilo halikuandikwa kwa Kiswahili, na linaniuma. Kwa upande wetu aliyejaribu mapema kuita miji kwa majina yake ni Walibora huyo huyo, katika Siku Njema ya mwaka 1996. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta babake mpaka Kitale, na vituo vya safari ni mahali ambapo msomaji anaweza kupanda basi akaenda. Wengi husema riwaya hiyo ilipendwa kwa utamu wa lugha. Mimi naongeza kwamba ilipendwa pia kwa sababu vijana wa bara walijikuta wametajwa.

Kwa nini jambo hili linanikera hivi? Kwa sababu ya neno moja: mwenyeji. Ukilikata unapata mwenye mji. Mwambao wa zamani, Lamu na Pate na Siu, mji ulikuwa na wenyewe, na neno lilijua linamrejelea nani. Lilipopanda garimoshi kuja bara lilikutana na miji ambayo haikuwa na mwenyewe.

Sultan Hamud ni mfano. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Nairobi mwaka 1899. Njiani kikazaliwa kituo kilichopewa jina la Hamud bin Muhammad, sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902. Leo sehemu ya mji iko Kaunti ya Makueni na sehemu iko Kajiado. Wakamba wapo, Wamaasai wapo, Wasomali wenye maduka wapo, na kumbukumbu za wafanyabiashara Wahindi bado ziko kwenye kuta za majengo ya zamani. Ukiuliza mwenyeji ni nani, utapata majibu kulingana na unayemuuliza, na kulingana na kama uchaguzi uko karibu. Na mwenye jina la mji alikaa Unguja!

Mwaka wa uchaguzi neno hili hubadilika ladha. Mwenyeji anayekukaribisha chai anakuwa mwenyeji anayekuuliza umetoka wapi. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano iliweka neno “madoadoa” katika orodha ya maneno ya chuki. Ni neno la kawaida la Kiswahili, la mbuzi na la kitambaa, na lilipata sumu katika miji midogo, kwa sababu ndiko ambako watu wa lugha mbalimbali wanaishi mlango kwa mlango. Burnt Forest na Molo za 2007 na 2008 hazikuwa vijiji vya mila wala majiji ya uasherati. Zilikuwa senta. Waliofukuzana walikuwa wameteka maji kwenye bomba moja na kusaga mahindi kwenye kinu kimoja.

Walibora alikuwa ameligusa hili miaka minne kabla, katika Kufa Kuzikana ya 2003. Makabila yake yanayochinjana ni Wakorosho na Wakanju, na kila mtu wa Pwani anajua mkorosho na mkanju ni mti mmoja. Hiyo ni hoja nzito iliyofichwa ndani ya mzaha. Lakini mzaha huo huo unamwokoa msomaji. Hakuna Mkorosho wala Mkanju anayesoma kitabu hicho akajiona, akakumbuka ni bomba gani, kinu gani, na ni nani alisimama wapi usiku ule.

Kuna na suala la lugha, ambalo nitaligusa haraka ingawa linastahili makala yake. Katika miji hii ya reli na barabara Kiswahili si lugha ya kitabu. Ni lugha ya mizani, ya mkopo na ya ugomvi. Ni lugha ya kwanza ya watoto ambao mama anatoka ng'ambo hii ya kaunti na baba ng'ambo ile. Mchuuzi wa mifugo katika senta husema “ng'ombe yangu” bila aibu yoyote. Mfungulie riwaya, utamkuta akisema “ng'ombe wangu wawili hawa” na kutia methali juu yake. Sitetei kuvunja ngeli. Msimulizi na azingatie sarufi. Lakini mhusika anayenunua mbuzi Emali na kuzungumza kama karatasi ya mtihani hakuzaliwa Emali. Kwa kukosa kumsikiliza huyo, tumekosa kuandika mahali ambapo Kiswahili cha Kenya ya bara kinazaliwa hasa.

Na miji yenyewe haitungoji. Tangu treni ya kisasa ianze kubeba abiria mwaka 2017, vituo vyake kwenye sehemu hiyo ya njia ni Athi River, Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Sultan Hamud, iliyozaliwa na reli, inaisikia treni ikipita. Mizigo ilipohamishiwa kwenye reli, miji iliyoishi kwa madereva wa malori, yenye gesti zake na hoteli zake za ugali na karanga za nyama, ililia wazi wazi. Katika Mtito Andei na Mariakani kuna mabinti waliosomeshwa kwa chai iliyouzwa usiku kwa madereva hao. Kijiji au jiji, hiyo?

Muhula huu nimewapa wanafunzi wangu wa uzamili zoezi dogo kabla hawajagusa nadharia yoyote. Kila mmoja aende senta ya kwao, aombe ruhusa ya mwenye duka, na asome daftari la madeni, bila kunakili kiasi wala kufichua mtu. Anachotafuta ni jinsi wadeni wanavyotajwa. Mmoja wao, anayetoka kando ya barabara hiyo hiyo ya Mombasa, aliniletea ukurasa mmoja aliokumbuka. Hakukuwa na jina la ubatizo hata moja. Kulikuwa na Mwalimu Hesabu, Mama Kioo, Yule wa Loitokitok, Fundi Mrefu na Shemeji ya Polisi. Chini kabisa kulikuwa na mteja aliyeandikwa Mgeni. Mwanafunzi aliuliza huyo mgeni amefika lini. Mwenye duka alifikiri kidogo, akasema alikuja mwaka 1998, na kwamba ni mteja mzuri, hulipa kila mwisho wa mwezi.